Maneno ya Kujaziwa

Asubuhi ile ilikuwa siku ya tatu mvua haijapumzika. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mbele ya redio, nimevaa koti na soksi mbili mbili, nasikiliza wenzangu wanavyoitana.

Kuitana ndiyo kazi ya saa moja. Kila siku ya Mungu, saa moja kamili, shemeji yangu Leokadia anashika maiki kule Lukwale na kuita kilima kimoja kimoja. Kila kilima kinaitika: nipo, tumeamkaje, nani mgonjwa, njia ipi imekatika. Vilima arobaini na moja. Usipoitika siku mbili, anatumwa mtu aje kuona kama umekufa. Mimi walishawahi kuja kuniangalia. Wakanikuta nakula mihogo, kumbe nilisahau tu kuwasha.

Wa mjini mtauliza kwa nini tusipigiane simu. Simu gani? Tangu wenye simu wang'oe minara yao wakahamia juu mbinguni kwenye setilaiti, simu inataka ione anga pana, na huku milimani Uluguru anga tunaiona kwa vipande. Makorongo yametubana. Ikinyesha, hata hicho kipande hakifai. Kwa hiyo sisi waredio wa ridhaa, watu tuliofanya mtihani tukapewa leseni na majina ya hewani, tukajitandia utando wetu. Juu ya kila kilima kuna kisanduku, antena, sola na betri. Kisanduku changu kinasikia cha jirani, cha jirani kinasikia cha mbele yake. Neno linarushwa mkono kwa mkono kama matofali kwenye ujenzi mpaka lifike kwa mwenyewe. Kimoja kikizimika, vingine vinatafuta njia ya kuzunguka vyenyewe, havisubiri kuambiwa. Shule niliishia darasa la nne, lakini visanduku kumi na tisa kati ya hivyo nimevifunga kwa mikono hii.

Sasa, hewani tuna sheria mbili, na ni za zamani kuliko mimi. Ya kwanza, hakuna siri: ukisema, wote wanasikia. Ya pili, kila mtu anasema kwa jina lake. Huwezi kusema kwa jina la mwenzako. Ukifanya hivyo leseni inakwenda na heshima inakwenda.

Hiyo ya pili ishikeni, maana ndiyo iliyoniponza.

"Nyambogo, Nyambogo, Lukwale anaita. Ova."

Ikapita pumzi moja, halafu ikaja sauti ya Prisika, mwalimu wa Nyambogo, safi kabisa kama yupo humu ndani: "Lukwale, hapa Nyambogo. Tumeamka salama, watoto wapo darasani, kwa leo ni hayo. Ova."

"Asante Mwalimu. Kizagila, Kizagila, Lukwale anaita. Ova."

Kizagila wanatazamana na Lukwale uso kwa uso, sauti yao haina safari ndefu. Akaitika Beatus, anahema. "Lukwale, huku kubaya. Shemeji yangu Kolumba ameangukiwa na ukuta. Tumemtoa mpaka kiunoni, mguu umebanwa na boriti. Tuletee machela na vijana wa kamba. Haraka, mama. Ova."

"Nimekupata. Gervasi na wenzake kumi na wawili wapo hapa mlangoni, nawatoa sasa hivi. Mwambie Kolumba avumilie. Ova."

Mke wangu Skolastika alikuwa anachambua maharage pale mlangoni. Yeye redio haimhusu, anasema ni ugonjwa wangu. Akasema bila hata kuinua kichwa, "Watoto wa Nyambogo wana bidii jamani. Jumamosi wapo darasani."

"Eh?"

"Leo Jumamosi, baba. Au na siku nazo umeanza kuzisahau?"

Nikageuka nikaitazama redio. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka mtu hujisikii ukikohoa, na Nyambogo ni visanduku sita kutoka hapa, viwili viko chini kabisa kwenye korongo. Sauti ya Prisika ingetakiwa ifike imechanika chanika. Ilikuja safi mno.

Nikavuta kigoda karibu na kisanduku.

*

Nihukumuni mtakavyo, mbele ya safari. Kwanza mnisikilize.

Sauti ikipita kwenye utando haiendi nzima. Inakatwa vipande vidogo vidogo, kila kipande kinatafuta njia yake, mwisho vinaunganishwa. Mvua ikinyesha, vipande vinapotea. Zamani ulikuwa unasikia "m-to-me-ja-we-ng'om-" halafu basi, huelewi ni mto au ng'ombe. Watu wakalalamika sana. Ndipo mtaalamu mmoja akatuletea kijazo. Kijazo ni programu inayokaa ndani ya kisanduku na kusikiliza unavyosema kila siku, miezi na miaka. Ikishakuzoea, kipande kikipotea yenyewe inaweka neno ambalo wewe kwa kawaida ungelisema pale, tena kwa sauti yako. Kazi ya kuifundisha nilipewa mimi. Nilikaa nayo miezi minane, nikaifundisha kuwajua watu wote. Nilijivunia sana, sitaki kusema uongo.

Yule mtaalamu alikuwa ameweka alama. Kila neno lililojaziwa lilitanguliwa na kimlio kidogo, tiki, ili ujue hili si la mtu, ni la mashine. Tiki. Basi hiyo tiki iliwaudhi watu! Skola akasema ni kama kuna chura kwenye kabati. Beatus akasema hotuba za mazishi zinatia kicheko, marehemu tiki alikuwa tiki mtu tiki wa watu. Kwenye mkutano wakanyoosha mikono wote: Babu Poli, tuondolee hiyo takataka. Na mimi napenda watu wafurahi. Nikaizima kwenye kisanduku changu kikubwa, utando ukaichukua amri ile ukaisambaza, na ndani ya saa moja hakukuwa na tiki mlima wote. Nikaletewa na ndizi za shukrani.

Lakini kisanduku hakisahau. Ukifungua kumbukumbu yake, kinakuonyesha mistari: moja, maana yake kipande kilifika. Sifuri, maana yake kimejaziwa.

Nikafungua. Nikavaa miwani, nikatafuta ya Prisika, saa moja na dakika kumi na mbili. Sifuri, sifuri, sifuri. Nikashuka kwa kidole. Katika maneno yote yale, yaliyotoka mdomoni kwake yalikuwa matatu tu. Nyambogo. Watoto. Darasani.

Mengine yote ni kijazo. Mwalimu yule kila siku anatoa taarifa ileile, tumeamka salama, kwa leo ni hayo, kwa hiyo mashine ilipopata maneno matatu ikamalizia ilivyozoea. Mashine haijui Jumamosi.

"Skola," nikasema, "watoto wako darasani kwa sababu wamekimbilia huko."

Akaacha maharage. "Wamekimbia nini?"

"Sijui. Sijui, mama! Ndicho alichokuwa anasema, na sisi hatukukisikia."

"Sasa si useme? Maiki hiyo hapo."

Kweli ilikuwa hapo. Nikaishika. Nikaiweka. Nikasimama, nikaenda mpaka dirishani, nikarudi. Magoti yangu haya hayapendi kusimama, lakini kukaa nako nilishindwa.

"Baba, mbona unazunguka kama kuku anayetaka kutaga? Sema!"

*

Nilikuwa namfikiria Fabiani.

Fabiani alikuwa mume wa Leokadia, na kwangu mimi alikuwa mdogo wangu, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Miaka mitatu nyuma kisanduku cha kileleni Mbwela kilizimika, mvua inanyesha kama hii, naye akasema anapanda. Leokadia akamkatalia. Wakagombana hadharani, Fabiani akamwambia mkewe maneno ambayo mtu hapaswi kumwambia mama wa watoto wake, akaondoka. Alipanda, akakitengeneza. Jioni ikaja sauti yake, sote tuliisikia: "Kadia, nateremka. Weka maji ya chai. Na ile ya asubuhi unisamehe, nilikosa." Kesho yake tukamkuta chini ya mwamba.

Leokadia anayo sauti ile. Ameihifadhi kwenye kimashine kidogo, anakifunga kwenye kitambaa. Kila mwaka kwenye misa ya kumwombea anaipiga, kanisa zima linalia. Wachumba wakigombana, wanaambiwa nendeni mkasikilize ya Fabiani. Leokadia mwenyewe aliniambia, shemeji, mimi nalala usingizi kwa sababu ya yale maneno.

Na mimi wiki ile ya msiba nilifungua kumbukumbu ya kisanduku. Nilitaka tu kujua alisema saa ngapi. Nikaona sifuri. Zimepangana toka "Kadia" mpaka "nilikosa". Vijimoja vichache vilikuwa mwanzoni kabisa, kabla ya neno, nikadhani ni upepo. Fabiani alikuwa na tabia hiyo, asubuhi anafoka, jioni anaomba msamaha hewani wote tunacheka. Mashine ikamwombea msamaha kama alivyozoea. Alichokisema kweli, kama alisema kitu, hakuna anayekijua.

Nilifunga kumbukumbu. Nikanyamaza. Nilijua siku ile kwamba tiki inatakiwa irudi, tena irudi haraka, lakini nikiirudisha wataniuliza kwa nini, na nikijibu kwa nini, Leokadia atajua. Nikasema nitamwachia mjane usingizi wake, kuna ubaya gani? Miaka mitatu nikaona ni wema.

Na hewani hakuna siri. Nikisema sasa, nasemea masikioni mwa vilima arobaini na moja. Kutembea mpaka Lukwale ni saa nzima kwa mtu mwenye magoti mazima. Gervasi na vijana walikuwa njiani kwenda darajani, robo saa tu. Wakishavuka daraja wanaingia korongoni, redio yao ya mkononi haisikii tena kitu mpaka watokee juu Kizagila, na mto unapanda.

"Watoto wangapi wanasoma Nyambogo?" Skola akauliza taratibu.

Nilibonyeza maiki.

*

"Lukwale, hapa Apolinari Mkude, nasema kwa jina langu. Mzuie Gervasi asivuke daraja. Ova."

"Shemeji? Kizagila kuna mtu amebanwa. Kuna nini? Ova."

"Ile taarifa ya Nyambogo siyo ya Prisika. Yaani sauti ni yake, maneno siyo. Ni kijazo. Yeye amesema maneno matatu tu, watoto, darasani na jina la kilima. Salama hajasema. Leo Jumamosi, shemeji. Ova."

Beatus akaingia hata zamu hakusubiri. "Mzee Poli! Mzee wangu! Mtu analia hapa mbele yangu kwa macho haya, na wewe unataka kuhamisha machela kwa kuhisi? Nani kakwambia kijazo kinaweza kusema sentensi nzima? Wewe mwenyewe ulituambia kinaziba neno moja moja!"

Ni kweli niliwaambia hivyo. Mwanzoni kilikuwa kinaziba neno moja moja.

"Kinaweza," nikasema. "Kikishamzoea mtu kinaweza kusema yote. Nimejua miaka mitatu sasa. Ova."

Hapo ndipo nilipotamani mvua iongeze kelele. Leokadia si mtu wa kuelezwa mara mbili.

"Miaka mitatu," akasema.

"Ndiyo, shemeji."

"Na ya Fabiani?"

Skola akaweka mkono mdomoni.

"Na ya Fabiani, shemeji."

"Yote?"

Ningeweza kumwachia hata neno moja. Ningesema "chai" ilikuwa yake, au "Kadia", nani angenipinga? Kidole kilikuwa kwenye kitufe.

"Yote. Ova."

Nilihesabu matone kwenye ndoo pale chini ya bati linalovuja. Yalifika kumi na moja. Halafu sauti yake ikaja, kavu, ileile ya kila asubuhi ya kuita vilima.

"Mkude, Lukwale nimekupata. Gervasi amesimamishwa darajani. Tiki inarudi kwa muda gani? Ova."

"Sasa hivi. Nyambogo dakika tano."

"Fanya."

Nikaingia kwenye kisanduku kikubwa, nikaiwasha. Nikaangalia amri inavyoondoka, kilima kwa kilima, kila kimoja kinajibu nimepata. Cha tano kikachelewa. Nikakipigia goti, kwa kweli nilipiga goti, na magoti yangu haya. Kikajibu. Cha sita.

"Nyambogo, Nyambogo," Leokadia akaita. "Mwalimu, sema neno moja moja. Kila neno rudia mara tano. Usichoke. Ova."

Tiki. Tiki. Tiki. Ilikuwa tiki tupu, na kati ya tiki maneno yaleyale laini, tumeamka salama, kwa leo ni hayo, yanatia kichefuchefu sasa ukijua. Halafu neno moja likaja lina makwaruzo, limechanika, halina tiki: "udongo". Tiki, tiki. "Udongo." Tiki. "Mlango." Tiki, tiki, tiki. "Maji." Na mwisho, kwa mbali, "kumi na saba".

Sijui ni nani kati yetu aliyelia hewani. Kuna mtu alisahau kidole kwenye kitufe.

"Gervasi," akasema Leokadia, "njia ya kushoto. Nyambogo. Nendeni wote, kamba na machela ni hizo hizo. Chukueni na shoka, mtatoboa paa. Beatus, baba yangu, nimekusikia na nakujua. Msishindane na boriti kwa nguvu, mpeni Kolumba uji na mumfunike. Watakuja kwako wakitoka huko. Ova."



*

Waliwatoa kwa juu. Udongo ulikuwa umelala mlangoni mpaka kwenye linta na maji yalikuwa yanaingia dirishani, yamefika kifuani kwa wale wadogo. Prisika alikuwa amewapandisha kwenye madawati, yeye amesimama chini, redio kaishika juu ya kichwa. Watoto kumi na saba. Mwalimu sauti ilimkauka wiki mbili, mpaka saa ya kuitana akawa anagonga maiki kwa kijiko.

Kizagila walifika saa kumi alasiri. Kolumba yuko hai. Mguu ulikatwa chini ya goti. Beatus mpaka leo hanisalimii, na mimi sijamlaumu. Nikipita kwao natoa kofia, yeye anatazama ng'ombe.

Baada ya hapo watu wengi waliniletea sauti zao. Wosia, ahadi, mtu aliyesema nakupenda siku ya mafuriko. Babu, tuangalizie. Nilikuwa nafungua kumbukumbu na kusoma moja na sifuri. Wengine walitoka wanacheka. Wengine nilitamani wasije.

Leokadia alikuja Jumanne. Alikuwa amelowa magoti, kashika kile kitambaa. Skola akampa kigoda, akampa na chai, hakuinywa.

"Umenilisha miaka mitatu, shemeji," akasema.

"Nimekulisha."

"Nilikuwa nashiba."

Akafungua kitambaa, akaniwekea kimashine mkononi.

"Ipige na tiki."

"Kadia, ya nini tena?"

"Ipige."

Nikaunganisha na kisanduku, nikaipiga. Tiki, Kadia. Tiki, nateremka. Tiki, weka. Tiki, maji. Niliinamisha kichwa, sikutaka kumwona. Ikaenda mpaka mwisho, tiki, nilikosa, ikanyamaza.

"Rudisha mwanzo," akasema. "Mwanzo kabisa. Kabla hajasema."

Nikarudisha. Kulikuwa na ule upepo wangu, vile vijimoja vichache ambavyo sikuwahi kuvisikiliza, nilivisoma tu. Sauti ya mvua. Halafu khh-hhm. Kifupi, kinene, kimekwama kooni. Hakikuwa na tiki.

Leokadia akanishika mkono kwa nguvu.

"Mashine yako inajua kukohoa?"

"Haijui," nikasema. "Niliifundisha maneno tu."

Tukaisikiliza tena. Fabiani alikohoa hivyo kila mara kabla ya kuomba msamaha, hilo hata Skola alilijua. Lakini alikohoa hivyo pia kabla ya kufoka, na kabla ya kuomba chumvi.

"Kata maneno yote," Leokadia akasema, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akavuta kikombe cha chai. "Niachie hicho."